Mlio Ulioanza Baada ya Kumwaga Oili

Mtani wangu alifariki nikiwa nimetoka kwenda Kinole kupakia ndizi, na kilichonipeleka Kinole siku ile ni furaha ya injini kutulia. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili asije mtu akadhani nimemficha jambo. Kuandika kwa kuzungukazunguka mimi siwezi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nilikuwa nachunga mbuzi wa mjomba. Lakini kuongea naongea sana, mke wangu atakuambia, kwa hiyo nikipotea njia kidogo nivumilie, nitarudi.

Lori langu ni la tani saba, kuukuu, la dizeli. Linapanda milimani tupu na kushuka na ndizi, machungwa, wakati mwingine karafuu na pilipili manga za akina mama wa Kinole na Matombo. Kumwaga oili nafanya mwenyewe nyuma ya nyumba. Kazi ya kulala chali chini ya lori na kufungua nati moja si ya kumsumbua fundi. Na nina utaratibu wangu: nikishamwaga oili chafu, namimina dizeli kidogo, nawasha injini dakika moja isuuzike, namwaga tena, ndipo naweka oili mpya. Hivyo alinifundisha dereva aliyenikabidhi usukani nikiwa kijana, na yeye alifundishwa hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Siku ile nikasuuza, nikajaza, nikawasha. Ti-ti-ti-ti-ti.

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Jirani kanunua cherehani?"

"Ni lori."

"Lori gani linashona?"

Nikazima. Nikawasha. Ti-ti-ti-ti. Nikakanyaga mafuta kidogo, mlio ukaongeza mwendo. Nikaachia, ukapoa, lakini haukukoma. Mtu aliyeishi na injini moja miaka mingi anaujua mngurumo wake kama anavyojua kukoroma kwa mwenzake kitandani. Kikiingia kitu kipya, usingizi hauji. Nikaona kabisa nikipanda mlima na mlio huo naweza kuua injini, na bila injini mimi ni mzee tu mwenye bodi la bati.

Nikaenda kwa mtani.

Alikuwa fundi pale Bigwa, barabara inapoanza kuelekea Mkuyuni. Mnyamwezi wa Tabora, alikuja Morogoro akiwa bado hana ndevu, akafanya kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa, akafungua karakana yake chini ya bati nne. Pembeni yake kulikuwa na fundi tairi, mtu mzima kama sisi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutusikiliza na kucheka. Sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani, hilo halihitaji maelezo. Lakini kuna watani wa msibani tu, na kuna watani kama mimi na yule, ambao miaka zaidi ya ishirini hatukuwahi kusalimiana kama watu wenye akili.

"Hilo lori lako linatafuna karanga?" akaniuliza kabla sijashuka.

"Linakutafuna wewe."

"Zima, bwana. Zima kabla halijamaliza gunia."

Akachukua bisibisi yake ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho. Akahamisha hapa, akahamisha pale. Daktari akikupima mgongoni hawi makini vile. "Huku juu," akasema. "Tapeti. Umefanya nini?"

"Nimemwaga oili tu."

"Ukasuuza na dizeli?"

"Kama siku zote."

"Mluguru na maji! Mmezaliwa kwenye mito, basi kila mnachokiona mnasuuza."

Siku hiyo ya kwanza akafungua kifuniko cha juu na kupima nafasi za tapeti, pale vyuma vinapogonga valvu, moja moja. Kawaida kazi hiyo aliifanya amesimama juu ya bampa, anapiga mluzi. Safari hii kila akimaliza tapeti moja anashuka, anakaa kwenye dumu, ndipo anapanda tena.

"Nikuletee mto?" nikamwambia. "Au kitanda kabisa?"

Akaweka kiganja kifuani, kiganja chenye oili, doa likabaki kwenye shati. "Hata mimi humu ndani panagonga, mtani. Tangu juzi."

"Kamwage oili."

Fundi tairi alicheka mpaka akaangusha jeki. Mtani naye akacheka. Nami nikajiona nimesema la maana.

Hapa nataka niseme kitu ambacho nimekifikiria sana tangu hapo. Mimi na yule mtu hatukuwa na namna ya kuambiana kwamba sasa hivi sitanii. Akiapa wallahi, ndiyo utani umekolea. Akinuna, ndiyo ameanza kuigiza. Aliwahi kuniambia mkewe kajifungua mapacha nikamwambia mmoja ni wa kwangu, nikaondoka, wiki mbili baadaye ndipo nikajua kweli ni mapacha. Nilirudi na khanga mbili, tukacheka tena. Tuliona raha. Hatukuona kwamba tumetupa kitu ambacho kila mtu anacho, hata watu wasiopatana: uwezo wa kusema neno likachukuliwa lilivyo.

Basi. Tapeti zikapimwa, kifuniko kikafungwa, nikawasha. Ti-ti-ti-ti.

Siku ya pili tukashuku filta. Akasema ile niliyoweka huenda ni bandia, oili haipandi vizuri. Tukabadilisha. Mlio pale pale. Simu yangu nayo ilikuwa haitulii, akina mama wa Kinole wananipigia mmoja baada ya mwingine: ndizi zimekatwa, zimeanza kuiva, unakuja au tumtafute mwingine? Nikamgeuzia mtani hasira zangu, kwa utani lakini hasira zilikuwa za kweli. Alikuwa ameniomba nimlegezee bolti mbili, spana inamshinda.

"Babu zenu walibeba meno ya tembo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani," nikamwambia. "Leo Mnyamwezi anashindwa na spana namba kumi na saba?"

"Babu zangu walibeba meno ya tembo," akasema, anapumua katikati ya maneno. "Mimi nimebeba watani. Ni wazito zaidi."

Nikalegeza bolti.

Siku ya tatu akaamua kushusha ile fimbo ya juu inayobeba roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Kuna kitobo chembamba hapo, ndimo oili inamopandia kulainisha vyuma vya juu. Akachukua spoki ya baiskeli, akaichongoa, akaanza kuchokoa. Akachokoa muda mrefu. Halafu ncha ikatoka na kitu cheusi, kidogo kama jani la chai.

"Huyu hapa," akasema. "Masizi ya miaka yote. Yalikuwa yamelala zake huko chini, wewe na dizeli yako ukayaamsha, yakapanda, yakaziba. Ungekuwa mchafu kama wenzako wala usingekuja kwangu."

Tukarudisha kila kitu. Nikawasha. Ti-ti-ti-ti. Mtani akanyanyua mkono: subiri. Tukasubiri. Mlio mmoja ukapotea. Ukabaki ti, ti, ti. Ukapotea mwingine. Kama wageni wanaondoka sebuleni mmoja mmoja. Mwisho ukabaki mngurumo wangu ninaoujua, na mimi na umri huu nikacheza pale barabarani, watu wa bodaboda wakapiga honi.

Mtani hakucheza. Alikuwa amekaa juu ya tairi bovu, anafuta kidole kimoja na kitambaa, kile kile kimoja.

"Mtani," akasema. "Nipeleke hospitali."

"Na lori la ndizi?"

"Nipeleke tu."

"Nikikupakia nakupeleka makaburini moja kwa moja. Tusizunguke, mafuta ghali."

Akatabasamu. Aliniangalia, akatabasamu. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni, na nililiona. Siwezi kusema sikuliona. Nikajiambia ni jua la saa sita. Nikajiambia pia kwamba ndizi za watu zinaoza, na hilo ndilo lililokuwa na nguvu zaidi, nisidanganye. Nikapanda, nikaondoa lori. Kwenye kioo nikamwona amenyanyua mkono. Nikadhani ananitukana. Nikampigia honi mbili.

Njia nzima nilikuwa nasikiliza injini. Mvua ilikuwa imekwangua barabara kama kawaida yake, mawe yametoka nje, lakini lori lilipanda kama jipya, na kila kona nilikuwa nasema peke yangu, Mnyamwezi yule fundi, Mnyamwezi yule fundi. Kinole nikafika alasiri. Akina mama wakanipokea na matusi ya kutosha, kisha wakanipa ugali na mlenda. Tukapakia mpaka jua likazama, nikalala huko huko. Mtandao kwangu haukushika.

Asubuhi nikashuka. Nilipofika Mkuyuni simu ikaamka, ikalia kabla sijaisogelea. Alikuwa fundi tairi.

"Uko wapi?"

"Nashuka, nipo Mkuyuni. Mwambie huyo mtani wako injini inaimba."

Akasema, "Mzee mwenzangu, katutoka. Alfajiri. Tunazika leo baada ya alasiri."

Nikamwambia aache utani. Ndivyo nilivyosema. Akarudia mara tatu, mara ya tatu analia, ndipo nikaegesha pembeni.

Nilikwenda msibani na ndizi zangu mgongoni mwa lori, sikupitia sokoni. Fundi tairi akanivuta kando ya uzio, akanieleza. Bora asingenieleza, lakini nilimuuliza mwenyewe.

"Ulipoondoka hali ikawa mbaya," akasema. "Nikataka kuita bajaji. Akakataa. Akasema, subiri, yule ananitania. Ameenda kugeuzia pale mbele, anarudi. Nikamwambia mbona kaenda? Akasema humjui yule, mimi ndiye namjua."

"Akasubiri?"

"Kila lori likisikika anasema ndiye huyo. Saa nzima na zaidi. Hata nilipomwambia liwe liwalo naita bajaji, akasema akija akanikosa atanitania mpaka nife. Mwisho akaegemea ubavu, hakusema tena. Tukampeleka."

Nikamuuliza kama hospitali walisema angewahishwa angepona. Akasema hakuna aliyeuliza. Mpaka leo hakuna aliyeuliza, na mimi sina ujasiri huo.

Baada ya sala, watu wakarudi kubeba jeneza lililokuwa bado barazani. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, mjane katikati yao. Kwa desturi yetu mtani hatoki nyumbani kimya kimya. Watani wanaziba njia, wanagoma, wanamsema marehemu uchoyo wake, uvivu wake, watu wanacheka na machozi yao, kisha ndiyo wanapisha. Wakawa wananitafuta.

"Mtani wake yuko wapi?" mzee mmoja akauliza. "Huyu anaondokaje bila mtani wake?"

Wakanisukuma mbele. Nikasimama mlangoni pa uzio, jeneza mbele yangu, mabega ya watu pande zote. Nilikuwa nimeandaa la kusema kuhusu uvivu wake, likanipotea. Nikasikia nasema:

"Huyu nimemuua mimi. Jana kaniomba nimpeleke hospitali, nikamwambia nitampeleka makaburini. Nikaenda kupakia ndizi."

Watu wakacheka. Walicheka kicheko kikubwa, cha watu waliokuwa wamebana tangu asubuhi. "Mtani bwana!" wakasema. "Na ndizi zenyewe hizo hapo nje!" Waliobeba jeneza wakatikisika, mmoja akabadilisha bega.

"Ni kweli," nikasema. "Alikuwa ananingoja. Alikaa barabarani ananingoja nigeuze, na mimi sikugeuza." Machozi yakanishinda.

"Anajua kulia huyu!" mtu akapiga makofi. Hata shehe aliinamisha uso akaficha mdomo na kiganja.

Nikawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa mbaya. Walikuwa wananipa haki yangu ya utani. Ningeapa, wangecheka zaidi. Nikatazama kule mikekani. Mjane hakuwa anacheka. Alikuwa amenikazia macho, na nikajua kwamba yeye, kati ya watu wote waliokuwa kwenye uwanja ule, amelisikia neno kama nilivyolisema.

"Shemeji," akasema, sauti ndogo tu. "Wapishe wapite."

Nikapisha.