Matete ya Uwanja wa Kanisa

Binti yangu alipata barua mbili za kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya usanifu wa mandhari, na zote zilimpa wiki mbili za kujibu. Chuo kimoja kilikuwa ng'ambo, chenye jina kubwa. Cha pili kilikuwa hapa hapa Afrika Mashariki, na hata mchungaji wetu alikuwa hajawahi kukisikia.

Dada yangu, muuza vyungu katika soko la Lyulilo, alicheka mpaka akatua mzigo. "Miaka yote hiyo shuleni, bado hujajua kupanda maua?"

"Si maua, shangazi. Ni kupanga ardhi: maji yapite wapi, watu wapite wapi."

"Maji ya ziwa hili hayapangwi, mama. Muulize baba yako."

Kanisa letu la Matema liko karibu na maji, na kila masika ziwa lilikuwa likila uwanja wake. Safu ya mbele ya makaburi ilikuwa imebakiza hatua chache, na katika safu hiyo amelala mke wangu, mama yake. Binti yangu hakutafuta cheo. Alitaka ujuzi wa kuuokoa ufukwe ule.

Tuliomba pamoja siku tatu. Siku ya nne nikamwambia, "Mungu ametupa na akili. Waandikie walimu wa vyuo vyote viwili, watumie picha za uwanja, uwaulize wangeanzia wapi."

Chuo cha ng'ambo kilijibu upesi na kwa adabu, kikaambatisha picha za bustani zao, zenye mabenchi na chemchemi za kurusha maji. Nilizitazama kwa furaha, sikatai. Chuo cha pili kilichelewa mpaka zikabaki siku mbili. Mwalimu mmoja aliandika mistari michache tu: kabla ya mchanga huu kuwa mtupu, palikuwa na nini? Nani alikiondoa, na kwa nini?

"Baba, palikuwa na nini?"

Ufukwe ulipogeuka mchanga mtupu, yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ningeweza kusema nimesahau.

"Matete," nikasema. "Yalisimama kama ukuta. Tulikuwa tunamngoja askofu. Sisi Wanyakyusa hatumpokei mgeni kwenye uwanja usiofagiliwa, nami nilikuwa mzee wa kanisa mwenye bidii. Niliwaongoza vijana tukayang'oa yote, na mizizi yake, tukafagia mpaka majini. Askofu alitusifu."

"Kwa hiyo ziwa…"

"Ziwa lilikuta mlango wazi. Mwandikie hivyo, na uandike kwamba aliyeyang'oa ni baba yako."

"Si lazima nikutaje, baba."

"Andika. Mwalimu anayeuliza hivyo hapewi nusu ya jibu."

Aliandika, kisha akanisomea neno kwa neno. Mstari wa mwisho haukuwa wangu: alimwambia mwalimu kwamba amekichagua chuo chake.

Alipoondoka nilitoa jembe nyuma ya mlango. Mpini ni mpya, lakini chuma ni kile kile kilichoyang'oa matete. Mwalimu alikuwa ametuma maelekezo ya kuanzia: tupande machipukizi yake kutoka mtoni, kwenye tope, si kwenye mchanga mkavu.

Dada yangu alinikuta nimezama topeni mpaka magotini. "Mzee wa kanisa, na wewe umejiunga na chuo?"

"Ndaga, dada," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, kana kwamba amenisifu. "Nipe hilo fungu la pili la machipukizi."

Alivua kandambili, akaingia nalo majini.