Kisima cha Kitongoji cha Kati

Mwanangu, tangu jana uliponifungulia ile ramani kwenye kompyuta yako pale Nzuguni, sijatulia. Umepaka bluu kuonyesha miamba inayopitisha maji, na bluu yako haina hata tundu. Imenirudisha siku ya mkutano wa kuchimba kisima, huko kwetu upande wa Mvumi, nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa.

Kitongoji cha juu kilikuwa na kisima, na cha chini nacho. Sisi wa kati tuliteka kwa wenzetu, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa: tulisubiri mpaka ng'ombe wao wanywe. Mama mkwe wangu, kwa goti lake bovu, alisubiri amekalia ndoo.

Akaja kijana mtaalamu wa maji, na mtambo uliolipiwa kuchimba shimo moja tu. Alikuwa na adabu; alijifunza hata kutusalimu "Mbukwa" kwa lugha yetu. Akatandaza ramani. Penye visima viwili rangi ilikolea, kwetu ilififia.

"Wazee wangu," akasema, "pale nimepima, na pale nimepima. Hapa kati nimekisia tu. Kuna ufa mkubwa umekatiza mwamba. Mawe hufanana ukiufuata ufa. Ukiuvuka, si lazima. Huenda unapitisha maji, huenda umejaa udongo ukaziba. Sijui. Nipeni mpaka mwakani nipime na hapa."

Mwenyekiti wa kitongoji akacheka. "Wa juu wanakunywa, wa chini wanakunywa, wa kati tutakosaje? Kwani maji yanaruka kama panzi?"

Tukacheka wote. Nilipiga vigelegele, nadhani mimi wa kwanza. Mama mkwe peke yake akaguna, "Kijana kasema hajui."

"Bibi, na goti hilo bado unataka kusubiri?" wakamjibu.

Siwalaumu sana. Kiu haina subira.

Mtambo ulitoa vumbi, kisha udongo unaonata, kisha vumbi tena. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wetu ulizibwa tangu dunia kuumbwa, na ukuta ulikuwa huko huko chini.

Tukamwita kijana yule tapeli. Asubuhi yake alipotusalimu "Mbukwa", hakuna aliyeitikia, hata mimi. Na yeye, niseme haki, alikubali upesi mno tulipomtaka achimbe. Labda angekaza sauti. Lakini mama mkwe alichukua ndoo yake, akaniambia, "Msimtukane. Yeye alisema hajui. Mliojua ni ninyi."

Akaenda zake kuteka kwa wa juu. Aliteka huko mpaka goti lilipomlaza, na hakuonja maji ya kitongoji chake hata siku moja. Lile bomba kavu lililobaki shimoni siku hizi hufungiwa mbuzi.

Mimi niliishia darasa la saba, mwanangu, na sijui kama nina haki ya kugusa hesabu zako. Ila nakuomba: palipo na kisio, paache paonekane ni kisio, hata wakikukasirikia. Ukisimama mbele ya watu wenye kiu, usiseme "sijui" mara moja ukanyamaza. Irudie mpaka waache kucheka. Na watakaoketi mkutanoni uwaambie nimesema: anayewaambia "hapa sijui" mpeni muda. Huenda ndiye peke yake anayewaheshimu.

Mungu akujalie mkono usioona haya kuacha doa jeupe kwenye ramani, na akukutanishe na watu watakaokusubiri. Sisi hatukusubiri.