Madoa Yaliyotoka kwa Maji Baridi

Mama yako alikuwa binti yangu wa pekee, nawe unayeniandikia alikuacha ukiwa mdogo. Kwa hiyo andika kama ninavyosema, usipunguze.

Katika ua wetu, mtaani Kampemba, tulitia rangi bazin, kile kitambaa cha pamba kinachong'aa, mimi na yeye. Mimi nilipima rangi, chumvi na soda ya magadi. Yeye alikoroga, akakamua, akaanika. Asubuhi moja niliona madoa mekundu juu ya bazin nyeupe ya mteja.

“Mikono yako inavuja?” nikamuuliza. “Muntu mukubwa, unachafula sawa mutoto!”

“Unisamehe, mama. Ni rangi tu.”

Nikakichovya kitambaa katika maji baridi, na madoa yakatoka mara moja. Nilifurahi kwamba mali ya watu imepona. Sikujiuliza neno lolote, ingawa nilijua vizuri kwamba nyekundu yetu, ikishashika bazin, haiachii kwa maji baridi. Damu ndiyo inayoachia.

Mvua zilipokwisha alikuwa amekonda, hawezi tena kuinua ndoo. Nikampeleka hospitalini. Mpimaji wa laboratwari, alipojua kazi yangu, aliniita nitazame makohozi yake katika hadubini: vijiti vyembamba vyekundu juu ya buluu.

“Tunatia makohozi rangi nyekundu, mama, kisha tunayafua na asidi. Yote inatoka. Ile inakatala kutoka, njo kifua kikuu.”

“Kama inashinda asidi, ile rangi iko muzuri,” nikasema, kwa mazoea ya kazi.

Hakucheka. “Hapa, mama, tunapendaka ile inatoka. Kwake iko mingi sana. Mulichelewa.”

Nikarudi kitandani kwake, nikamuuliza kwa nini alinificha damu.

“Nilikuogopa, mama.”

Nilipaswa kumwomba msamaha wakati ule ule. Dawa alikuwa ameanza kumeza, na kila siku nilijiambia kwamba nitasema kesho. Siku ya nne nilimletea uji, akanywa vijiko viwili tu, akasukuma bakuli.

“Maliza,” nikamwambia. “Sikuamuka mapema juu ya kumwanga uji.”

Akaumaliza wote, kwa kunitii, kisha akageukia ukuta. Jioni alifariki.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu. Naona kalamu yako imesimama. Yaandike.