Mkurugenzi Katika Mfano

Bertha anakaa meza moja na mwandishi wa mwongozo katika ofisi yao pale Lushoto, na bado hajazoea jinsi mwandishi huyo anavyochapa kwa vidole viwili tu, polepole, kama anayedonoa mahindi ya kuchoma. Kazi yake ni kueleza mfumo walioutengeneza wenyewe, ambamo programu za kompyuta, kila moja ndani ya kontena lake, yaani kijichumba chake cha kidijitali, hutoa ripoti: taarifa ya kawaida, onyo au hitilafu. Kila kipengele hukitafutia mfano, na mifano yote huiokota humo humo ofisini. “Onyo: Justin amemaliza plamu za wenzake.” Akishaandika hukohoa kidogo, kisha hufunga vifungo vya sweta.

Juzi mkurugenzi, Mama Zipora, aliwasomea wageni kutoka Tanga mwongozo huo kwa sauti, mpaka akafika penye “Hitilafu: mkurugenzi amesinzia kikaoni.” Bertha akainama. Mwandishi akakohoa, mkono ukitafuta kifungo. Mama Zipora akavua miwani, akamkazia macho.

“Hapa umekosea, baba,” akasema taratibu. “Mimi kusinzia kikaoni ni taarifa ya kawaida. Rekebisha kabla sijasinzia tena.”