Mabenchi Yaliyokataliwa Pande Mbili

Kuna watu wanaozaliwa na mkono wa haraka, na kuna wanaozaliwa na mkono wa kupima. Seremala huyu alipewa wa pili, tena akazidishiwa. Alipima ubao, akaupima tena, kisha akaikagua na futi yenyewe isije ikawa imerefuka kwa joto. Mtaani wakamwita Pima-Tena, na jina alilopewa na mama yake likafa njaa kwa kukosa wa kuliita. Wanasema siku aliyokwenda kuposa alimkadiria mchumba urefu kwa jicho, akarudi akaanza kutengeneza kitanda kabla hajajibiwa. Kitanda kikamwenea sawasawa. Mkewe hajasahau: "Uliniposa mimi, au ulikuwa unakitafutia kitanda mtu wa kukilalia?"

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati nyuma ya nyumba, na vumbi la mbao lilifika mpaka kwenye chumvi ya jikoni. Kiti chake kimoja kiliwahi kuangukiwa na ukuta, na aliyeumia ni ukuta. Usiyeamini nenda kautazame, mpaka leo hawajaujenga.

Mbao alizifuata ng'ambo ya mpaka, kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye kiwanda kidogo cha kupasua magogo. Upande wa kwao miti ilikwisha zamani. Upande wa shemeji miti tele, ila madawati na milango hawakujua kuitengeneza bila kulegea. Kwa hiyo huku mkono, kule mti, na katikati lori. Mambo yalikwenda hivyo miaka, hakuna waziri aliyeulizwa.

Kisha wakubwa wa nchi mbili wakanuniana. Chanzo hakijulikani. Wengine walisema mmoja alikawia kumpa mwenzake mkono kwenye mkutano, wengine walisema uchaguzi ulikuwa umekaribia na kura hupenda adui. Ng'ambo wakatangaza: mbao ghafi marufuku kutoka nchini, viwanda vyetu vikue. Kilichokwisha kuundwa tu ndicho kitatoka.

Na wakati huohuo Pima-Tena alikuwa amepewa kazi kubwa kuliko zote maishani mwake: madawati ya shule mpya, madarasa yote. Mwalimu mkuu alimwambia wazi, "Fundi, shule ikifunguliwa watoto hawajapata pa kukaa, kazi nampa yule mfanyabiashara wa viti vya plastiki. Ameshanipigia mara nyingi mpaka namba yake naiota."

Pima-Tena akavuka kwenda kwa shemeji.

"Shemeji, usinune," yule bwana akamwambia, anacheka. "Wamesema kilichoundwa kinapita? Basi tuunde. Tunagonga mbao ndefu ziwe mabenchi ya uongo. Msumari hapa, msumari pale, vichwa vyake nje. Ukifika kwako unang'oa, una mbao zako."

"Benchi la misumari miwili? Mtu akilikalia?"

"Nani alikalie? Linapita tu!"

"Na likivunjika forodhani watu wanacheka?"

"Wacheke! Wewe unataka mbao au unataka sifa?"

Shemeji akamwachia nyundo, akaenda kuonana na mwenye lori. Hapo ndipo palipoharibika. Kumwachia Pima-Tena mbao nzuri na kumwambia atengeneze kitu kibaya ni kama kumwambia kuku aogelee. Aligonga msumari wa kwanza, akatazama, roho ikakataa. Akaung'oa. Akachukua patasi. Akachonga ulimi kwenye kila mguu na tundu kwenye kila ubao, ulimi ukaingia tunduni kwa kukaza, na juu yake akamimina gundi. Shemeji aliporudi akakuta mabenchi ambayo tembo angefungia harusi juu yake.

"Shemeji," akasema taratibu, "haya utayang'oaje?"

Pima-Tena akakuna kichwa. "Nitajua nikifika."

Ng'ambo wakamgongea muhuri bila neno, wakayasifu na mabenchi yenyewe. Lori likaenda mita chache mpaka kizuizi cha nchi yake. Afisa wa forodha, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, akalizunguka mara moja.

"Mzee, haya hayaingii."

"Hayaingii wapi? Mimi nakwenda nyumbani kwangu."

"Wewe unaingia. Mabenchi ndiyo hayaingii. Tangazo limetoka juzi: fanicha za nje marufuku. Wao wametufungia mbao, sisi tumewafungia fanicha. Ni kuwalinda mafundi wa ndani."

"Mafundi wa ndani ni nani?"

"Watu kama nyie maseremala."

"Seremala ni mimi."

"Ndiyo maana tunakulinda, mzee."

"Unanilinda na nani, mwanangu?"

Afisa akatazama karatasi. "Na fundi aliyetengeneza haya mabenchi."

"Aliyetengeneza ni mimi!"

"Lakini umetengenezea nje."

Pima-Tena akaketi kwenye benchi lake, katikati ya nchi mbili, na benchi halikutoa hata mlio. Akaomba kurudi ng'ambo. Kule wakamwambia kilichotoka kimetoka. Redioni, kwenye kibanda cha afisa, mtaalamu mmoja alikuwa anaeleza kwamba uchumi wa nchi zote mbili unaelekea kukua. Pima-Tena akauliza unakulia wapi, maana kama unakulia hapa katikati yeye angeuona.

Afisa akamwonea huruma. "Mzee, mbao tupu bado zinaruhusiwa kuingia kwetu. Yabomoe hapahapa, zitakuwa mbao, utapita."

Akajaribu. Akagonga, akavuta, dereva wa lori akavuta naye, afisa akakunja mikono ya shati akavuta. Miguu ya mabenchi ikawatazama tu. Fundi mwingine yeyote angefungua kazi yake kwa kidole. Huyu alikuwa amejifungia ndani ya ufundi wake mwenyewe.

Ikabaki msumeno. Akakata kila penye kiungo, na kila alipokata alisonya. Mbao ndefu za madawati zikawa vipande vya urefu wa mkono. Lori likapita, muhuri ukagongwa: mbao.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe karakanani, akasimama mlangoni hakuingia. "Fundi, nilikungoja."

"Najua, mwalimu."

"Viti vya plastiki vimefika jana."

"Si fanicha za nje ni marufuku?"

"Yule mfanyabiashara ana kibali maalumu," mwalimu akasema, macho kwenye viatu vyake. "Vinatoka nchi ya mbali sana, hiyo hatujagombana nayo."

Pima-Tena akarudi kwenye meza yake ya kazi. Vipande akavigeuza vibao vya kukatia mboga, vimepigwa randa laini kama shavu la mtoto, na mtaa mzima ukaanza kukata vitunguu kwa heshima.

Wiki zile zile wakubwa wakapatana. Walikumbatiana mbele ya kamera, wakaitana ndugu, marufuku zote zikafutwa kabla chakula chao hakijapoa. Shemeji akapiga simu, sauti juu:

"Shemeji! Njia nyeupe! Njoo uchukue mbao unazotaka!"

"Za kufanyia nini?"

"Si madawati ya shule?"

"Watoto wameshakaa, shemeji."

"Basi njoo za akiba, bei nzuri hii."

"Hao walioitana ndugu, wataelewana mpaka lini?"

"Sasa hilo mimi nitalijuaje?"

"Basi na mimi nitapimaje?" Pima-Tena akasema, akakata simu, akamwita mkewe amletee kufuli. Karakana ikafungwa mchana kweupe, siku ya kazi, kwa mara ya kwanza tangu mabati yale yapigwe msumari.