Steji ya Posho

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi, na ukungu ambao hadi saa nne ulikuwa haujaamua kama utageuka mvua.

Mpwa wangu, karani huko mjini, hupenda kuandika kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza kitu. Alikuta mtaa wetu wa Uthiru umepewa mistari mitatu tu. "Anko, wewe umekaa hapa tangu sijazaliwa. Sema, niandike."

Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo nilijikaza niseme sawasawa. Nikasema Uthiru iko kando ya Waiyaki Way, mpakani mwa Nairobi na Kiambu. Akauliza, mpaka unapita wapi? Pale kwenye mti mkubwa. Mti upi? Ulikatwa. Basi, nikasema, ukitoka Kinoo unashukia Posho, steji ya matatu.

"Na Posho ni nini?"

Hapo nikachanganyikiwa. Posho ni kinu cha kusaga mahindi cha shosho, bibi mzee jirani yetu, na marehemu mumewe. Kilibomolewa barabara ilipopanuliwa, lakini makanga wa matatu bado wanaita, "Wa Posho!" Kumbe nilikuwa naeleza mtaa mzima kwa vitu ambavyo havipo, na mimi naviona kabisa.

Shosho mwenyewe alikuwa ameingia kuota moto kwenye jiko letu. Akasikia.

"Mnaandika kinu changu? Andikeni vizuri. Hao wa supamaketi mpya wanataka steji iitwe jina lao. Mzee wangu tulimzika mbali. Hapa Uthiru hana kingine kinachotajwa."

Mpwa wangu akaandika kwamba jina la steji lilitokana na kinu ambacho hakipo tena.

"Hiyo 'hakipo tena' toa," shosho akasema.

Nikamwambia hatuwezi, kwa sababu kweli hakipo.

"Wewe ukitoka kazini unashukia wapi?"

"Posho."

"Haya. Kipo."

Tulicheka, ingawa sikujua nani ameshinda. Maneno yalibaki yalivyokuwa. Lakini chai ya saa kumi haijaisha, mpwa wangu akasema kuna mhariri mwingine huko mtandaoni ameyafuta. Anataka kitabu au gazeti lililotaja kinu.

"Si mimi niko hapa?" shosho akauliza.

"Mtu hahesabiki, shosho. Lazima iwe imechapishwa mahali."

"Kwa hivyo kila aliyekula ugali wa unga wangu angekimbia gazetini?"

Nilimhurumia. Tena nikaona huyo aliyefuta, hata simjui, hakukosea. Kama kila mtu ataandika lake bila ushahidi, hata wa supamaketi wataandika lao, na nani atawazuia? Nikalisema hilo kwa sauti. Shosho akaniangalia, akajifunga leso vizuri. Mpaka sasa sijui kama nilitenda haki au nilimuumiza bure. Pengine yote mawili. Mpwa wangu alisema atatafutatafuta magazeti ya zamani, lakini hakusema kama mtu anayetarajia kupata.

Nilidhani shosho atainuka aende kwake. Hakuinuka. Giza likaingia, na mke wangu, bila kuuliza, akaongeza unga kwenye sufuria. Tulikula ugali, dagaa wa omena na mboga ya mrenda. Shosho hapendi mrenda, husema unateleza sana. Leo aliula, akaomba tena kidogo.