Popo wa Meno

Pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, ukimuulizia mama anayeuza midoli utajibiwa kwa swali: "Yule wa popo?" Ndiye huyo, Elifuraha. Magari na wanasesere wake nunua utakavyo, lakini rafu ya juu usiulize bei. Huko wamekaa mijusi wenye mabawa, wale viumbe walioruka angani kabla binadamu hajakanyaga dunia. Wapo wa plastiki na wa mpira. Mmoja ana kishungi chekundu, mwingine kapoteza mguu huko huko Ulaya alikotoka. Akifungua belo la mitumba huwatafuta wao kwanza, biashara baadaye. Wenzake humcheka. Waache wacheke, kila mtu na lake.

Katikati ya rafu kuna nafasi tupu. Hiyo ni ya wa kwanza.

Wa kwanza alitoka mfukoni mwa koti la mtumba ambalo baba alimnunulia Shedrack, mdogo wake Elifuraha, walipokuwa watoto kwao Machame. Walidhani ni popo, ila popo gani ana mdomo mrefu vile? Wakamwita Popo wa Meno. Walimrusha migombani, wakamlisha kahawa mbichi, wakamficha ndani ya majani ya ng'ombe. Mama alipoliona bawa limechomoza humo alipiga yowe, majirani wakaja na mapanga. Ah, utoto! Elifuraha hajapata tena kucheka namna ile.

Baba alipofariki, kihamba, shamba la ukoo, kilikwenda kwa Shedrack, kitinda mimba, kama ilivyo desturi. Hilo halikumuuma dada. Kilichomuuma ni masale. Shedrack alipanda kutoka Dar na mafundi, akang'oa ua wote wa masale aliouotesha babu mpakani, akajenga ukuta wa tofali. Masale, jamani! Mchaga akikukosea huchuma jani la isale, hulipiga fundo, hukuletea, na wewe huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Elifuraha alilia mbele ya mafundi, akaokota shina moja kwenye kifusi, akashuka nalo mjini. Tangu hapo hakukanyaga Machame, hata Krismasi, wakati kila mtu anarudi mlimani. Popo wa Meno akabaki huko.

Desemba hii alikuwa akipanga midoli aliposikia sauti mgongoni.

"Shikamoo, dada."

Hakuitika. Hata muuza viatu wa jirani aliona haya, akajifanya anatafuta kiatu. Shedrack alikuwa amenenepa na kuota mvi. Alifungua leso aliyoishika, akatokea Popo wa Meno, bawa limeungwa kwa gundi.

"Nimezunguka mpaka wote nikitafuta isale nikuletee," alisema. "Halipo hata moja. Niliyamaliza mwenyewe. Na kwa jirani siwezi kuomba, dada, nitamwambia nini? Ndiyo nikaja na huyu."

Elifuraha alimtamani yule popo hadi mikono ikamwasha. Hasira bado ilikuwepo, na mapenzi nayo yalikuwepo, yanagombana kifuani. Lakini popo si isale. Akimpokea hivi hivi, jambo litabaki bila kumalizwa, na baba huko aliko hatafurahi.

Alizunguka nyuma ya kibanda, kwenye kopo la rangi alimopanda lile shina la kifusini. Lilikuwa limestawi kweli kweli. Akachuma jani, akarudi, akamwekea mdogo wake mkononi.

"Haya. Niombe kama watu."

Shedrack alilitazama jani, akaelewa limetoka wapi. Alilipiga fundo, akampa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akaitika Elifuraha, machozi yakimtoka na wala hakuyafuta. "Sasa lete popo wangu. Na hilo kopo la nyuma utalibeba wewe mpaka Machame."